Mganga hajigangi: Anaandika matangazo ya wenzake, yeye hana wateja

Ilikuwa saa nne usiku katika nyumba moja ya Tabata Segerea, Dar es Salaam. Watoto wawili walikuwa wamelala, vyombo vimeoshwa, na mama yao amefungua kompyuta mpakato juu ya meza ya chakula. Alikuwa akimalizia maneno ya tangazo la mwoka keki wa mtaa wa pili. Mteja alishayapenda na kuahidi kulipa kesho yake kwa simu. Tatizo ni kwamba huyo ndiye aliyekuwa mteja pekee wa mwezi mzima, na kodi ya nyumba ya miezi sita ilitakiwa wiki tatu zijazo.

Mumewe, fundi wa magari, alisimama mlangoni.

"Mama watoto, hivi hii kazi ni kazi kweli?"

Mama huyo, mwenye umri wa miaka 34, ameomba jina lake lisitajwe kwa kuwa baadhi ya wateja wake wa sasa ni ndugu na majirani. Anasema mumewe hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu hakujua jibu, na usiku ule, miaka miwili iliyopita, hata yeye mwenyewe hakuwa nalo.

Kabla ya hapo alifanya kazi miaka minne katika ofisi ya matangazo. Aliacha baada ya kujifungua mtoto wa pili. Dada wa kazi alikuwa ameondoka, safari ya kwenda kazini ilikuwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na hesabu ya nauli na malezi haikuacha kitu cha maana mwisho wa mwezi. Aliamini akikaa nyumbani kazi zitamfuata, maana ofisini alijulikana kuwa na maneno. Zilimfuata kwa miezi miwili, kisha zikakata.

Kazi isiyo na jina mtaani

Kwa lugha ya ofisini mtu kama yeye huitwa kopiraita. Kwa Kiswahili cha kawaida ni mwandishi wa matangazo: yule anayetunga maneno ya bango la barabarani, ujumbe mfupi wa benki, maelezo ya pakiti ya sabuni, tangazo la redio la sekunde 30, kipeperushi cha zahanati na ile mistari miwili iliyo chini ya picha ya gauni kwenye Instagram. Picha ndiyo inayosifiwa. Maneno ndiyo yanayomwambia mtu aje lini, aje na nini na alipe kiasi gani.

Si kazi ngeni kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, aliuza kanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" ili zisichanganywe na za wengine, na yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliyeanza kuziongezea misemo. Tangu hapo mwanamke wa pwani hanunui kanga kwa rangi peke yake. Anasoma kwanza. Kuna mtu mahali fulani aliketi akatunga maneno yale, na maneno yale ndiyo yaliyoitoa kanga dukani.

Anayepita Kariakoo au kwenye kituo chochote kikubwa cha daladala anamsikia mwandishi mwingine wa fani hii bila kujua. Ile sauti iliyorekodiwa inayozunguka mchana kutwa kwenye kipaza sauti cha muuza dawa ya panya, mende na kunguni iliandikwa na mtu. Mtu huyo alijua mpita njia hana muda wa kusimama, kwa hiyo akaanza na kero, akaleta dawa, akataja bei, akarudia. Jiji limekariri maneno yake na hakuna anayejua namba yake ya simu.

Hapo ndipo penye ugonjwa wa waandishi wengi wa kujitegemea. Shangazi wa mama wa Segerea mpaka leo humuuliza anatangaza redio gani.

Chema hakijiuzi chenyewe

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewakalisha nyumbani waandishi wazuri wengi kuliko uvivu. Embe bivu linajiuza kwa sababu linaonekana na linanukia. Maneno mazuri yaliyo ndani ya kompyuta hayanukii. Na hata yakishatoka, hayana sahihi ya aliyeyaandika. Keki ikinunuliwa, sifa zinakwenda kwa mwoka keki.

Mama huyo alipoamua kujitangaza, alifanya kile ambacho asingemruhusu mteja wake akifanye. Aliandika kwenye stetasi ya WhatsApp: "Karibu upate huduma bora za uandishi wa matangazo, makala na wasifu wa kampuni kwa bei nafuu. Wasiliana nami." Aliirudisha kila asubuhi kwa wiki tatu, maana stetasi hufutika baada ya saa 24. Marafiki waliweka alama za moyo. Hakuna aliyepiga simu.

Ukilisoma tangazo lile leo unaona kwa nini. Kila neno linamhusu yeye. Mwenye duka la vipodozi akilisoma haoni duka lake humo. "Huduma bora" huandikwa na kila mtu, kuanzia kinyozi hadi muuza majeneza. "Bei nafuu" nayo haisemi bei, ila inamwandaa mteja kuomba punguzo kabla hata hajajua anachonunua. Alijaribu pia kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo, bila kukumbuka kwamba ujumbe wa namna hiyo kwenye WhatsApp humfikia tu aliyehifadhi namba ya mtumaji. Wafanyabiashara aliowalenga hawakuwa nayo.

Karatasi ya ukutani

Wiki ile ile ya swali la mumewe, alimpeleka mtoto kwenye zahanati binafsi ya jirani. Walisubiri karibu saa mbili. Ukutani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: "HUDUMA YA KLINIKI YA WATOTO INAPATIKANA KWA UTARATIBU MAALUMU." Alipokuwa pale, akina mama watatu walifika na watoto mgongoni, wakaisoma, wakaenda dirishani kuuliza huo utaratibu maalumu ni upi, wakaambiwa warudi Jumanne. Mmoja alikuwa ametoka Kinyerezi na nauli yake ilikuwa imekwisha.

Alichukua karatasi kutoka kwenye daftari la mtoto mkubwa, akaandika kwa kalamu:

"Kliniki ya watoto ni Jumanne na Alhamisi, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto. Chanjo ni bure. Siku nyingine, piga simu kabla hujatoka nyumbani." Chini yake akaacha nafasi ya namba ya zahanati.

Aliyoandika aliyapata kwa kumuuliza muuguzi, dakika tano tu. Hakumpa mhudumu wa dirishani. Aliomba kuonana na mwenye zahanati, akampa karatasi wakiwa wawili, akamweleza kuhusu wale akina mama watatu, akaacha namba yake nyuma ya karatasi na kuondoka. Hakutaja bei wala hakusema yeye ni mtaalamu.

Baada ya siku sita simu iliita. Mwenye zahanati alikuwa ameibandika ile ile ya kalamu, na sasa alitaka zote zilizobaki ukutani ziandikwe upya: maabara, malipo ya bima, saa za daktari, maelekezo ya kutoa sampuli ya mkojo na choo. Ile ya choo, anasema mama huyo huku akicheka, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko matangazo yote aliyowahi kuandika, kwa sababu ilibidi ieleweke kwa mtu aliyeishia darasa la saba bila kumwaibisha mwenye shahada. Alilipwa Sh80,000.

Si fedha nyingi. Lakini alikuwa ameona kitu. Kwenye stetasi alikuwa amesema anajua kuandika. Pale zahanati hakusema. Mwenye zahanati aliyaona maneno yake mwenyewe yakiwa yamepona.

Yapo mambo mawili ya kuangalia kwa anayetaka kuijaribu njia hii. La kwanza ni siri. Kuna vijana ambao hupiga picha bango la mtu lenye makosa, wakaliweka mtandaoni, wakalichora kwa wino mwekundu na kuandika "ningelirekebisha hivi." Wanapata vicheko vingi. Wateja hawapati, na mwenye bango hawasamehi. Anayetaka kuonyesha hadharani jinsi tangazo bovu linavyogeuka zuri na atunge duka lisilokuwepo, au aombe ruhusa kwanza. Hata picha ya ujumbe wa mteja aliyesifu kazi inahitaji ruhusa na namba kufichwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na kwa kazi zinazogusa wagonjwa uangalifu unapaswa kuwa mara mbili.

La pili ni mpaka. Muuza nanasi hukupa kipande uonje, hakupi nanasi. Karatasi moja ilikuwa kuonja. Mwenye zahanati angeomba zile nyingine saba bure, jibu lingekuwa kumtajia bei. Sasa mama huyo hupokea nusu ya malipo kabla ya kuanza, na mteja anayekwepa nusu hiyo, kwa uzoefu wake, hukwepa na ile ya pili.

Tangazo la Sh300,000

Karatasi za zahanati zilisomwa na watu wengi, mmoja wao akiwa muuza dawa za miti shamba. Alimpigia wiki moja kabla ya siku ya kodi. Alitaka kipeperushi, tangazo la kipaza sauti na machapisho kumi ya Facebook. Angelipa Sh300,000, nusu siku hiyo hiyo. Sharti lake lilikuwa moja: maneno yaseme dawa yake inatibu kisukari, presha na upungufu wa nguvu za kiume ndani ya siku saba.

Kwa mwandishi wa kujitegemea huo ndio mtihani wenyewe, na haufundishwi popote. Fedha iko mezani, mwenye nyumba ameshapiga simu mara mbili, na kinachotakiwa ni sentensi moja ambayo kuiandika si kazi ya hata dakika.

Sentensi hiyo ina njia yake ya kuumiza. Mgonjwa wa kisukari anayesoma "inatibu" anaelewa kuwa akimaliza chupa amepona, kwa hiyo vidonge vya hospitali anaviweka kando. Sukari inapanda bila kelele. Baadaye vinakuja vidonda vya mguu visivyofunga, macho kufifia, figo kuchoka. Anayetegemea insulini akiiacha anaweza kupoteza maisha ndani ya siku chache. Mwenye presha anaweza kujisikia mzima kabisa mpaka siku anapopata kiharusi. Aliyeandika tangazo hatamwona mtu huyo wala hatasikia habari zake.

Sheria nayo ipo. Matangazo ya dawa yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua jina hilo mwaka 2019 badala ya TFDA. Tiba asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na mtoa tiba anatakiwa kusajiliwa. Mwandishi anayeanza hajui kuwa swali la kwanza la kumuuliza mteja wa aina hii ni: usajili wako uko wapi?

Mama huyo aliuliza. Mteja alisema unashughulikiwa. Akampa njia nyingine: aandike duka liko wapi, linafungua saa ngapi, dawa imetengenezwa na mimea gani, na kwamba anayetumia dawa za hospitali asiziache bila kuongea na daktari wake. Mteja alicheka, akakata simu.

Usiku ule alimweleza mumewe. Mume alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama laki tatu hizo zingetimiza kodi. Zingetimiza na kubaki. Hawakugombana, anasema, lakini hawakuongea tena mpaka asubuhi. Kodi ililipwa kwa mkopo wa kikoba. Tangazo la dawa ile liliandikwa na mtu mwingine, na kwa miezi kadhaa lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo karibu na kituo cha daladala, siku saba zikiwa zimeandikwa kwa rangi nyekundu.

Ndugu ndio soko, ndugu ndio hasara

Mkopo wa kikoba ndio uliomsimamisha mbele ya wanawake 25 kueleza atarudisha vipi. Alisema anaandika matangazo. Wakamtazama. Basi akamgeukia mwenyekiti, ambaye anauza sabuni za maji, akamuuliza watu hulalamika nini kuhusu sabuni za maji za mtaani. Mwenyekiti alisema: nyepesi kama maji ya chai. Akamwambia aandike kwenye dumu, "Geuza dumu uone inavyoshuka taratibu." Kikoba kizima kiliangua kicheko, na kabla ya chai kuisha wanawake wanne walikuwa wameomba ya kwao.

Kuanzia kwa watu wa karibu si unyonge. David Ogilvy, Mwingereza ambaye baadaye alikuwa mmoja wa watu wakubwa wa matangazo duniani, alikuwa akiuza majiko ya AGA nyumba kwa nyumba huko Scotland. Mwaka 1935 aliandika kijitabu cha kuwafundisha wauzaji wenzake namna ya kuliuza jiko lile. Kaka yake, Francis, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya matangazo mjini London, aliwaonyesha wakubwa wake, na mdogo mtu akapata kazi. Mwaka 1948 alifungua kampuni yake New York. Ogilvy hakuandika barua ya kujisifu. Aliandika kuhusu jiko, na kaka akakibeba.

Lakini ndugu wana gharama zao. Binamu ataomba "ya kindugu", shemeji ataahidi kulipa biashara ikichanganya, na kumkatalia mama mdogo ni kazi kuliko kumkatalia benki. Mama wa Segerea aliliweka hivi: kwa ndugu, bei ni ile ile, ila humwandikia kila mmoja sentensi moja ya bure kwenye sherehe yake ya kufungua biashara, kama ambavyo mwingine angeleta seti ya glasi. Wachache walinuna. Wengi walielewa, kwa kuwa zawadi wanaijua.

Karanga na ujumbe wa sauti

Alipotaka kutoka nje ya mtaa, alibuni kitu ambacho bado anakitumia. Hana kadi za biashara. Ana karanga. Hununua pakiti ndogo za karanga za Sh500, mbili mbili, kutoka kwa mama anayezikaanga. Ya kwanza huibandika karatasi iliyoandikwa "Karanga safi". Ya pili huandika: "Zimekaangwa leo asubuhi. Hazina mchanga. Fungua moja, uone kama utaacha." Nyuma ya hiyo ya pili kuna namba yake. Anaingia dukani, anaweka zote mbili mezani na kumuuliza mwenye duka angenunua ipi.

Mwenye duka huchukua ya pili, husoma tena, huanza kula. Maelezo hayahitajiki tena. Ila ina masharti: kwa kuwa imeandikwa "leo asubuhi", lazima zigawiwe siku hiyo hiyo. Zikilala, zinaliwa na watoto.

Mwanza, kijana mmoja aliyekuwa akifundisha Kiswahili sekondari kwa kujitolea ameenda njia tofauti. Aligundua wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na vipuri vya pikipiki hawasomi ujumbe mrefu, wanausikiliza wakiwa wanahudumia. Kwa hiyo hatumi maandishi. Anatembelea duka kama mteja, anasikiliza wanunuzi wanauliza nini, kisha anarekodi sekunde 20 za tangazo la duka hilo kwa sauti yake, akilitaja kwa jina, na kumtumia mwenyewe kwa WhatsApp. Mtu akisikia jina la duka lake likitajwa kama redioni, huwaita wenzake waje wasikie. Wapo wasiojibu. Wapo walioichukua sauti ile na kuitumia kwenye kipaza sauti bila kulipa. Tangu hapo huweka mlio wa kengele katikati ya sauti ya majaribio, na mwenye kulipa hupewa isiyo na kengele.

Wote wawili wameacha kuandikia kila mtu. Yeye anaandikia zahanati, maduka ya dawa, shule za awali na biashara za akina mama; kijana anaandikia ujenzi na vipuri. Wengi huogopa kuchagua, wakidhani wanafunga milango. Lakini jirani anapoulizwa "unamjua mtu wa kuandika?" hakumbuki mtu anayeandika kila kitu. Anamkumbuka "yule wa zahanati".

Kwa anayelenga kampuni na taasisi, ubunifu hautoshi. Wataomba namba ya mlipakodi, ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huitoa bure, na watataka ankara inayoeleweka. Wengi hupoteza kazi ya kwanza kubwa hapo, si kwenye maneno.

Meza ya chakula

Kuna upande wa afya ambao familia huuona kabla ya mwandishi mwenyewe. Kusaka wateja mtandaoni hakuna saa ya kufunga. Mama huyo alikuwa akilala saa nane usiku akijibu maoni ya watu ambao hawakuwahi kununua, na kuamka saa 11 kumwandaa mtoto wa shule. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Yeye alikuwa akipata tatu. Mgongo ulianza kuuma kwa sababu kiti cha meza ya chakula kimetengenezwa kwa ajili ya kula ugali, si kwa saa sita za kuandika. Macho yalikauka. Na alikuwa mkali kwa watoto, jambo ambalo mumewe ndiye aliyemwambia.

Kutembea kutafuta wateja kulimsaidia bila yeye kupanga. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kuzunguka maduka matano asubuhi na mfuko wa karanga, mara tatu kwa wiki, kunafikisha hizo dakika. Kompyuta sasa hufungwa saa tatu usiku. Kiti kimeongezewa mto, na kompyuta imeinuliwa juu ya vitabu vya shule ili shingo isiiname.

Simu za wateja ilikuwa kazi nyingine. Mtoto mdogo hulia pale tu mama anapotaja bei. Walikubaliana na mumewe saa moja ya jioni akirudi gereji, yeye anaoga, anawachukua watoto nje, simu zinapigwa. Mwanzoni ilidumu dakika 20. Sasa watoto wenyewe wanamkumbusha baba kuwa ni saa ya mama ya kuongea.

Mapato bado yanapanda na kushuka. Januari mwaka huu ilikuwa mbaya, na ile ya shule za awali ikaja Februari. Deni la kikoba limekwisha. Shangazi bado anauliza redio gani.

Jumamosi moja hivi karibuni mumewe alikuwa kwa kinyozi, akisubiri zamu. Alipiga picha ubao wa bei ulioandikwa "KUNYOA NDEFU NA MASARAJI, BEI MAELEWANO" na kumtumia mkewe.

"Mama watoto, nimekupatia mteja."

Jibu lilirudi kabla hajakaa kwenye kiti: "Usimcheke. Muulize kwanza, Jumapili anafungua saa ngapi?"